Toighun Shah, Mpima Barafu wa Lupyaz

Toighun Shah alizaliwa tarehe 3 Aprili 1958 hapa hapa Zartgar, Gojal, kaskazini mwa Pakistan, mtoto wa kwanza wa marehemu Shifo Baig na marehemu Mama Nigor. Mdogo wake, Qurban, alifuata miaka minne baadaye. Walikua wakilala blanketi moja, na ugomvi wao ulikuwa ule ule kila siku: nani alale upande wa ukuta, kwenye joto.

Shule aliiona kidogo. Alisoma mpaka darasa la tano, mwaka 1970, halafu mbuzi wa baba yake wakamhitaji. Ila hesabu zilimwingia. Mwalimu wake alikuwa akilalamika kwamba mtoto huyu hajui shairi hata moja, lakini anajua ni hatua ngapi kutoka mlangoni kwao mpaka kwenye kinu cha maji cha kusagia unga.

Mwaka 1985 walikuja watafiti kuipima Lupyaz, ule mto wa barafu ulio juu yetu, unaokaa kimya miaka ishirini halafu ghafla unatimka kama umefukuzwa. Toighun aliwabebea mizigo. Walipoondoka wakamwachia rangi nyekundu na kazi: apake mawe makubwa yaliyokaa juu ya barafu, na kila mwezi apime yamesogea hatua ngapi kutoka kwenye mstari aliouchora mwambani. Mshahara ulikuwa mdogo, na miaka mingine haukuja kabisa. Yeye alipanda tu.

Oktoba 1986 alimuoa Bibi Nigina. Siku ya tatu ya harusi bwana harusi hakuonekana, kwa sababu ilikuwa siku ya kupima. Alirudi jioni, joho la harusi lote rangi. Nigina akamwambia mbele ya wageni, "Kama mke mkubwa ni yule kule juu, ungenieleza mapema." Walijaliwa watoto wawili, Sadaf na Mehrob.

Sasa lazima lisemwe la mwaka 1998, maana yeye mwenyewe hakulificha. Vuli ile kijito kinachotoka chini ya Lupyaz kilipungua mpaka watoto wakawa wanakiruka. Kijiji kizima kilifurahi. Barafu imetulia, watu walisema, na Qurban akataka kujenga nyumba kule chini, kando ya mto wa bondeni, penye udongo mzuri. Akamuuliza kaka yake. Toighun akaenda kuangalia mawe yake, akarudi akasema hayajasogea hata nusu hatua, jenga.

Mawe yalisema kweli. Lakini yote aliyapaka sehemu ya chini, kwenye barafu iliyokufa, isiyotembea tena, ambako mtu hufika bila kuchoka. Huko juu, mwendo wa saa sita, barafu ilikuwa imevimba kama mkate. Mwezi wa tano 1999 ikashuka, hatua kumi na tano kwa siku, ikaziba mto, na nyuma yake likajaa ziwa. Tarehe 20 Juni ziwa likapasuka. Qurban alikuwa amewahamisha mkewe Begim na mtoto, akarudi kuchukua milango ya nyumba. Hakuonekana tena.

Tangu siku hiyo Begim hakumpa shemeji yake neno. Walikutana shambani, walikutana jamatkhana, nyumba yetu ya ibada, anapita. Miaka ishirini.

Toighun hakulewa wala hakukimbilia Karachi. Alihamisha rangi yake, akapaka mawe ya juu kabisa, na kila mwezi alipanda zile saa sita, akilala kwenye kibanda cha mawe. Polepole akaelewa. Kijito kikipungua, maji hayajaisha. Yamekosa njia ya kutokea, yamejikusanya chini ya barafu, yanaibeba. Barafu iliyobebwa na maji haina cha kujishikilia, inateleza.

Oktoba 2018 kijito kilipungua tena, na mawe ya juu yaliyokuwa yakienda hatua moja kwa mwezi yakawa yanakwenda hatua nne kwa siku. Aliita mkutano, akaomba nyumba zilizojengwa upya kando ya mto, ya Begim ikiwamo, zihame. Watu walicheka. Waliocheka wanajijua, na leo wamekuja kulia. Mmoja akasema, "Mzee, mto umelala wenyewe, wewe unataka kuuamsha wa nini?"

"Haujalala. Maji yake yamefungiwa ndani."

"Na safari ile mawe yako yalisemaje?"

Toighun akasimama na kofia mkononi. Akasema, "Safari ile nilikosea mimi, siyo mawe. Nilipima pale ambapo miguu yangu ilipenda. Ndugu yangu akafa kwa uvivu wangu."

Halafu Begim, nyuma kwa wanawake, akainuka akajifunga shali. "Mimi kesho nahama," akasema, akatoka. Mpaka wiki ile iishe nyumba zote kumi na moja zilikuwa tupu.

Barafu iliziba mto Mei 2019. Toighun alikaa kwenye kibanda wiki tatu akilichunga ziwa, kifuani baridi, miguuni maji. Asubuhi ya tarehe 23 Juni lilipopasuka, alichoma matawi mabichi ya mreteni, mti wa mlimani wenye moshi mzito, moshi ukapanda, na mlinzi aliyewekwa chini akauona akachoma wake kukionya kijiji. Nyumba kumi na moja zilikwenda na miaprikoti yote. Mtu hakufa hata mmoja.

Kifua chake hakikupona. Kuanzia 2021 alipumua kwa shida, akalazwa Gilgit mara tatu. Mwezi uliopita akaomba arudishwe nyumbani. Begim alikuja na bakuli la supu, akamlisha. Toighun akamuuliza kama amemsamehe.

"Shemeji, la Qurban bado linaniuma, sitakudanganya," Begim akasema. "Lakini uliposema tuhame, nilikuuliza mara mbili?"

Toighun akatikisa kichwa. Akamaliza supu. Alifariki tarehe 14 Novemba 2023, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Bibi Nigina; watoto, Sadaf, ambaye tangu 2020 ndiye anayepanda kupima, na Mehrob; wajukuu watatu; shemeji yake Begim; na mtoto wa ndugu yake Qurban, aliyeandika haya.

Baba mkubwa, Mungu akulaze mahali pasiposogea.