Historia ya Kaka Yetu, Aliyeunganisha Ramani za Ofisi Tano

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee historia yake, nami nitaisoma yote, hata pale nitakaposhindwa kuwatazama usoni.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa pili kati ya sita, akamaliza shule ya msingi mwaka 1980, sekondari mwaka 1984, na chuo cha upimaji ardhi tarehe 14 Novemba 1987, ambako wenzake walimbandika jina la Bwana Mipaka, maana hata kitanda chake cha bweni alikipima.

Aliajiriwa ofisi ya ardhi tarehe 3 Januari 1988, akafunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu, tarehe 20 Agosti 1993, wakajaliwa mabinti wawili. Mwaka 2009 alianza kazi iliyompa heshima: ofisi za ardhi, maji, umeme, barabara na hospitali zilikuwa zikipelekeana ramani kwenye diski, zikifika zimeshapitwa na wakati, yeye akafanya kila ofisi itunze ramani yake kwenye seva yake, na kompyuta ya ofisi nyingine ikiuliza, ijibiwe papo hapo.

Seva ya barabara niliisimamia mimi. Tarehe 2 Mei mwaka huu niliwafungia wengine wasiisome, kwa kuwa walitumia ramani yetu bila kuniandikia barua, nikaona nadharauliwa. Kaka alinipigia simu mara tatu, mara ya mwisho akasema, "Mdogo wangu, fungua tu, hiyo barua nitakuandikia mimi." Nilimjibu iwe na mhuri.

Alikuwa akiugua moyo tangu mwaka 2019. Tarehe 17 Juni, saa nne asubuhi, alizidiwa, hospitali ikasema asisogezwe, gari la wagonjwa linakuja, lakini seva yangu haikujibu, kompyuta yao ikatumia nakala ya zamani ya ramani yetu, ikampitisha dereva kwenye daraja tulilolifunga siku kumi na mbili kabla. Alizunguka dakika arobaini. Alipofika, kaka alikuwa ameshakata roho mikononi mwa mkewe. Jana nilimweleza shemeji haya yote.

Tunawashukuru madaktari waliomtibu miaka yote, majirani waliokaa naye wakingoja, wafanyakazi wenzake, na dereva, ambaye naomba asinyooshewe kidole, kosa si lake. Seva niliifungua siku ileile saa nane mchana, baada ya kupata habari za msiba, na kazi yote haikunichukua hata dakika moja. Naona aibu, ndugu zangu.

Kaka, pumzika salama, na kama inawezekana, unisamehe.