Nani Aliyelegeza Skrubu ya Tatu

Ndugu waombolezaji, majirani, wanabendi na wafanyakazi wa karakana, poleni kwa msiba huu. Familia imekaa, imeshauriana, ikamteua mdogo wake marehemu asome historia hii, na wapo hapa, tunawaona, wanaogusana viwiko na kunong'onezana iweje asome yeye wakati wawili hao walikuwa hawasalimiani. Swali hilo ni halali, hakuna atakayelikasirikia, na jibu lake limo humu humu, kila jambo kwa tarehe yake, mradi mvumilie jua kidogo.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Kaza, alizaliwa siku ya Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kupasua mbao, akiwa mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mshona nguo, na miaka minne baadaye akafuatiwa na mdogo wake, wa pekee. Mama yao alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakupokea kitu kutoka mkononi mwa mtu bila kukigeuza akakikagua chini, hata kipande cha mkate, na kwamba alipoonyeshwa mdogo wake mchanga aliuliza kwanza ametoka wapi, kisha akauliza atakaa mpaka lini.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, shule ile inayopakana ukuta kwa ukuta na kituo cha zimamoto, na huko ndiko alikokabidhiwa kwa mara ya kwanza ngoma ya gwaride, akaipenda kuliko daftari. Mwaka 1963 alisimamishwa masomo kwa wiki mbili baada ya kumtuhumu mwalimu wa muziki mbele ya darasa kwamba anambadilishia vijiti, na uchunguzi ulipofanyika ikaonekana vijiti ni vile vile, ila vimeliwa na mchwa. Marehemu aliomba radhi kama alivyoagizwa, lakini nyumbani aliendelea kusema kwamba mchwa hawaji bila kuletwa. Alihitimu shule ya ufundi Novemba 1969.

Tarehe 3 Februari 1970 aliajiriwa katika karakana ya reli, kitengo cha breki, na tarehe 5 Desemba 1971 akaingia rasmi katika bendi ya karakana kama mpigaji wa snea, ile ngoma ndogo yenye ngozi juu na ngozi chini, na nyaya nyembamba zilizotandazwa tumboni mwake, zinazoipa ule mlio wake mkavu. Kwa wasiojua kazi hiyo, ngozi ya juu inashikwa na skrubu nane kuzunguka ukingo wa chuma, na marehemu hakuzikaza kwa kufuatana kama mtu anayezunguka meza, alikaza moja, akaruka hadi ile inayoikabili, robo mzunguko tu, akagonga kwa ncha ya kijiti karibu na kila skrubu, sikio limeinama, mpaka zote nane zitoe sauti moja, ndipo akageuza ngozi ya chini, ambayo aliikaza zaidi, na mwisho kabisa nyaya, kwa kuwa nyaya zikibanwa mno ngoma inakabwa koo, na zikiachiwa zinatetemeka zenyewe kila tarumbeta likipulizwa. Kazi hiyo ilimchukua dakika arobaini, na yeyote aliyethubutu kumsemesha alijibiwa neno moja tu, "Kaza!", maana yake kaza mdomo, na hapo ndipo jina lilipotoka. Ufunguo wa kukazia aliuning'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu, hakuuvua kazini, hakuuvua bafuni.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na karani wa posta, baada ya uchumba wa miaka mitatu, ambao miwili kati yake, kwa maneno ya mke wake mwenyewe, ilikuwa upelelezi. Walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1979, ambaye leo ni fundi umeme, na ambaye baba yake alimfundisha snea tangu akiwa na miaka saba, ngoma ikiegemea nyonga ya kushoto, kishikio cha nyaya kikiwa upande huo huo siku zote, mkono wa kulia ukipiga pigo la familia, yaani kijiti kugonga ngozi na ukingo kwa pamoja, pale pale mbele ya tumbo, mlio ukapasuka mpaka watu wa ghorofani wakafungua madirisha.

Sasa tufike Jumapili ya tarehe 7 Agosti 1988, ambayo wanabendi wa zamani hawajaisahau. Katikati ya gwaride, mbele ya mkuu wa karakana na wageni wake, ngoma ya marehemu ilikufa sauti, ikawa inalia bwaa kama sufuria lililopasuka, na alipoikagua alikuta skrubu ya tatu, kuhesabu kutoka kwenye kishikio cha nyaya, imelegea karibu mzunguko mzima. Alikuwa ameikaza asubuhi ile ile, ufunguo ulikuwa shingoni, na alama ya koleo haikuwepo, basi akahitimisha kwamba yupo mtu mwenye ufunguo wa pili. Tangu siku hiyo alichora kwa penseli mstari mwembamba kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye ukingo, na kila baada ya mazoezi aliukagua, na kila mara mistari saba ilikuwa imenyooka, wa tatu umevunjika.

Kuanzia hapo hakuna aliyesalimika. Wa kwanza kushukiwa alikuwa mpiga tarumbeta, Mapafu, kwa kosa la kucheka siku ya gwaride, akafuata fundi wa kufuli wa mtaani, aliyekutwa akiutazama ule ufunguo shingoni mwa marehemu kwa muda ambao marehemu aliuona mrefu, akafuata mke wake, aliyeulizwa alikuwa wapi kati ya saa nane na saa kumi, naye akajibu, "Nilikuwa nakufulia shati la bendi, ukitaka shahidi muulize sabuni." Ngoma ilihamishwa kutoka stoo ya bendi ikaletwa chumbani, ikawekewa kitambaa, kitambaa kikafungwa fundo ambalo yeye peke yake alijua kulifungua, na bado skrubu ya tatu ililegea. Wapigaji wengine hawakuruhusiwa kuisogelea hata kwa hatua tano, na hili tunalisema kwa uchungu, kwa sababu mpigaji mwenye uzoefu angeitazama mara moja tu akamwambia ukweli wote.

Zamu ya mdogo wake ilifika Jumatatu tarehe 2 Desemba 1991, saa tisa na nusu alasiri, kwenye geti la karakana, zamu moja ikitoka na nyingine ikiingia. Mdogo wake alikuwa fundi wa mashine ya kukereza vyuma, katika karakana hiyo hiyo, na marehemu alisimama mbele yake, mbele ya watu wasiopungua sitini, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Ufunguo huu una nakala, na mwenye mashine ni wewe." Mdogo wake hakujibu. Wengi mlikuwepo, mliona hakujibu, mkaenda nyumbani na hukumu yenu.

Na hapa historia italisema ambalo halijawahi kusemwa, hata shemeji analisikia leo, nalo ni kwamba nakala ilikuwepo. Mdogo wake aliikereza mwenyewe wiki mbili kabla, kwa chuma kizuri kisichoshika kutu, baada ya kuvizia kaka yake akila chakula cha mchana siku ya mazoezi, ngoma ikiwa imeletwa karakana na fundo limefunguliwa, na kupima kichwa cha skrubu moja, kwa hiyo ni kweli aliigusa ngoma, mara moja, Alhamisi, kwa muda usiozidi dakika mbili. Aliuchonga ufunguo ule uwe zawadi ya kutimiza miaka ishirini ya kaka yake katika bendi, wa akiba, endapo ule wa shingoni ungepotea, na siku ya kuutoa ilikuwa tarehe 5 Desemba, siku tatu tu mbele. Umo kwenye sanduku la vifaa, umefungwa kwa karatasi, na mwenye sanduku anaitwa mwizi getini, je, angeutoa, nani angemwamini? Akanyamaza, na kimya chake kikawa ushahidi, na miaka ikapita ishirini na saba na ushei bila ya mmoja kuvuka kizingiti cha mwenzake.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Machi 2006, akaendelea kupiga katika bendi ya wastaafu. Mdogo wake alikuwa ameshahamia upande wa pili wa mji, safari ya mabasi mawili, na skrubu ya tatu ikaendelea kulegea vile vile, jambo ambalo lingemfumbua macho mtu mwingine yeyote, lakini marehemu alisema kwa utulivu kabisa kwamba mdogo wake ana watu. Akabadili mtaa wa kupita, akabadili siku za mazoezi bila kutangaza, akamzuia hata fundi wa mabomba kupita karibu na chumba cha ngoma.

Novemba 2018 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, madaktari wakakuta moyo umepanuka, wakamkataza kubeba ngoma na kupiga. Ngoma ikawekwa kwenye kiti, kando ya kitanda chake, na kila asubuhi aliikagua mistari kwa miwani, na kwa miezi kumi na moja mistari yote minane haikusogea hata unywele. Alifurahi, akamwambia mke wake kwamba adui amekata tamaa.

Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2019, baada ya chakula cha mchana, binti yake aliomba ampigie baba yake gwaride la zamani, lote, bila kuruka. Alipiga kama alivyofundishwa, nyonga ya kushoto, pigo la familia mbele ya tumbo, kwa muda wa nusu saa, marehemu akitikisa kidole cha mguu chini ya shuka. Alipomaliza, baba yake aliomba ngoma, akaweka miwani, na mstari wa tatu ulikuwa umevunjika. Mlango ulikuwa umefungwa, ufunguo uko shingoni mwake, na chumbani walikuwa watatu tu, yeye, mkewe na binti, na binti anakiri kwamba kwa dakika kama tatu hivi baba yake alimshuku yeye.

Kisha akaikaza, akachora mstari mpya, akamwambia, "Piga tena, hapa karibu, nione." Akaukodolea macho mstari, akauona ukitembea, kidogo kidogo, kila kijiti kilipogonga ukingo. Akamwambia aigeuze ngoma nusu mzunguko apige tena, na safari hii ya tatu ikatulia, ikalegea ya saba, ile inayoikabili, ambayo sasa ndiyo iliyokuwa mbele ya tumbo. Hakukuwa na mtu wala ufunguo wa pili uliohitajika, ni pigo lake mwenyewe, mahali pamoja, miaka yote, likitikisa skrubu moja mpaka inaachia. Marehemu aliiweka mikono yake juu ya shuka, akaitazama kama ya mtu mwingine, akasema, "Kumbe ni mkono wangu," na akalia mbele ya mke na mtoto kwa mara ya kwanza katika ndoa ya miaka arobaini na mitatu.

Jioni hiyo hiyo binti alipiga simu. "Baba mdogo, baba anakuita." Mdogo wake akauliza, "Kimelegea nini tena?" Binti akasema baba anataka kulisema mwenyewe, kwa mdomo wake. Na mdogo wake, ndugu waombolezaji, alishuku. Alishuku kwamba anaitwa kuhojiwa mara ya mwisho mbele ya mashahidi, alilikumbuka geti, akalikumbuka na sanduku, akasema atakuja Jumatatu. Jumatatu alipiga pasi shati, akalivaa, akakaa kitandani nalo mpaka likakunjamana. Alifika Jumanne tarehe 15 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, na kaka yake alikuwa amefariki saa tatu kasoro dakika kumi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane na miezi saba. Binti alimkabidhi ufunguo wenye kamba ya kiatu, uliovuliwa shingoni na mwenyewe Jumapili, pamoja na maneno haya, "Mwambie nimemkosea. Mwambie ya tatu ilikuwa yangu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliovumilia kuulizwa kila kidonge kimetoka wapi, majirani waliosikia mazoezi kwa miaka arobaini na minane bila kulalamika sana, na uongozi wa karakana kwa usafiri na shada la maua. Kwa namna ya pekee tunamshukuru Mapafu, aliyekaa na mgonjwa kila Ijumaa ingawa alitafutwa alama za vidole, watoto wa fundi wa kufuli kwa niaba ya baba yao, na shemeji yetu mpendwa, na tunatangaza mbele yenu wote kwamba hamkuhusika, na familia inawaomba radhi.

Yamebaki maneno ambayo hayakuandikwa kwenye karatasi hii, kwa sababu hayasemeki kwa jina la mdogo wake. Kaka, ni mimi. Uliniita nikashuku, kwa siku tatu, na siku tatu hizo zinanilemea kuliko miaka yote ile ya kwako. Ufunguo wako nitabaki nao, nimeuvaa, huu hapa. Ule niliokukerezea nimeuweka asubuhi hii kwenye mfuko wa shati lako la bendi, upande wa kushoto, na mkeo aliniona nikiuweka, akadhani ni kalamu. Sasa una wa akiba. Pumzika kwa amani, kaka, ngoma yako hakuna anayeigusa.