Mbwa wa Polisi Asipigwe, Ua wa Mtu Usivamiwe

...na ndiyo maana, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Katibu Kata, Shehe wetu, wazee wangu shikamooni, nanyi ndugu wananchi wa Kibuta, vigelegele vyenu navipokea kwa mikono miwili, lakini mume wangu hakuvisikia vizuri. Yuko kule barabarani na mbwa wake, maana mmewakataza wasisogee.

Leo nina siku kumi na tisa za ndoa. Nampenda Konstebo Isihaka hadi naona haya kusimama hapa! Wanawake wa Mkuza, nilikoolewa, wananiita "bibi harusi wa mbwa." Waache waseme. Kila jioni akirudi kazini namwagia maji mikononi mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyomtaka aliyeguswa na mate ya mbwa, nahesabu kwa sauti, naye ananitania: "Mwanamvua, umeruka ya tano, unataka nilale uani?"

Juma lililopita Tosha, mbwa huyo, alifuata nyayo za mwizi wa mbuzi, zikakatiza ua wa baba yangu mdogo, Mzee Mwinyimadi, aliyenilea. Mzee alikuwa juu ya mswala. Akashika mpini wa jembe, akamvunja mbwa mguu, ndiyo ile bandeji mnayoiona kule barabarani. Jumatatu anasimama mahakamani Kisarawe, na shahidi wa kwanza ni mume wangu.

Nisimame upande gani, ndugu zangu? Baba, wewe uliyenipeleka sekondari watu wakikucheka, hujapata kumpiga hata paka. Ulishtuka. Na Tosha, kosa lake nini? Alitumwa. Isihaka ameniambia mwenyewe: "Sikupiga hodi. Nitamwambia hakimu hivyo hivyo, hata nikivuliwa magwanda."

Nasikia huko nyuma, "Mbwa ni mbwa tu!" Sawa, Bi Swaumu, lakini mwaka jana nani aliwapata mbuzi wako walioibwa, si Tosha?

Basi sheria ndogo mnayoipigia kura leo iwalinde wote. Mbwa aliye kazini asipigwe; wala asiingizwe uani bila hodi, wala asikaribie msikiti. Najua kura yenu haifuti kesi. Lakini je, hakimu asisikie kwamba Kibuta imekaa, imefikiri, na haitaki chuki?

Nawashukuru kwa subira yenu, hata mlionuna. Baba, naona umeinamisha kichwa. Kabla mwezi huu haujaisha, mimi na Isihaka tutakuja kukuamkia. Ukiwa nyumbani, tutakuja nyumbani. Ukiwa gerezani, tutakuja gerezani.