Tuta la Mzee Soli

Jumatatu, tarehe tatu mwezi wa tisa, saa mbili asubuhi. Siku hiyo, wasikilizaji wapendwa, watu wa halmashauri walikata bomba la bustani. Mchana, Mama Sindano akaanguka na ndoo za maji mikononi. Hakuinuka tena.

Mama Sindano alikuwa fundi cherehani. Kiwanja alikirithi kwa baba yake, katikati ya maghorofa. Matajiri walikuja na bahasha nono, akawarudisha nazo. Badala yake aliwagawia majirani matuta, akaandikisha kiwanja kibaki bustani ya wote. Kibaki bustani, daima.

Kila alfajiri alimwagilia mwenyewe, kwa kopo lenye matundu. Ila tuta lenye magugu aliliruka.

"Hata la shemeji aliliruka," anacheka mdogo wake. "Nikamwambia, dada, huyo si mumeo? Akasema, 'Mume ni nyumbani. Huku ni mvivu tu.'"

Mumewe ni fundi viatu, wanamwita Mzee Soli. Shule hakufika mbali, ila nia ya wakubwa aliisoma. Bustani ikikauka itaitwa ardhi iliyotelekezwa, wachukue, wajenge maegesho ya magari.

"Wamemuua mke wangu kwa ndoo," alisema msibani. "Sasa wanangoja mboga zife, wamalizie."

Wakangoja kweli. Maji hayakurudi. Mvua haikunyesha. Lakini kila asubuhi udongo ulikuwa umelowa, duara dogo kwenye kila shina, vilevile alivyomwagilia marehemu. Matuta yenye magugu yalibaki makavu. La Mzee Soli, kavu kuliko yote. Na lile kopo? Liko nyumbani, chini ya cherehani, buibui kalifunga mdomo.

Juzi mkubwa wa ardhi alikuja mwenyewe. Akachota udongo, akauminya, maji yakamchuruzika vidoleni.

"Mzee, unaiba wapi maji?"

"Tafuta bomba, mheshimiwa. Si nyie mlilikata?"

Mkubwa akajifuta mkono kwenye suruali. Akajifuta tena. Akaondoka bila kuaga.

Jioni ile Mzee Soli alipiga magoti, akang'oa magugu yake yote. Hakumwambia mtu. Kulipokucha akaenda kutazama.

Tuta lake lilikuwa limelowa.

Pole sana, Mzee Soli. Poleni wanafamilia. Nasi tuliobaki tujiulize, tunawaachia nini majirani zetu?

Jana tuliipigia simu halmashauri. Wamesema kiwanja hakiguswi kwanza, mpaka wapate jibu la jambo moja. Wametuuliza sisi, nasi tunawauliza nyinyi, wasikilizaji wapendwa: anayemwagilia ni nani?