Jicho la Kuazima na Jicho Lake

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa mama yake, ambaye ndiye ameandika haya.

Alisoma mpaka darasa la saba, kisha akajifunza ushonaji. Mtaani walimwita Mshono, maana nguo yake hata ukiigeuza ndani nje huoni aibu.

Mwaka 1997 aliolewa na dereva wa lori, mtu mpole, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2012 sindano ya cherehani ilikatika, kipande kikamrukia jicho la kulia, likabaki na kovu jeupe. Baadaye alipandikizwa kioo cha jicho cha mtu aliyefariki. Mwanga ulirudi, lakini kila mstari aliuona umepinda. Akashona suruali ya bwana harusi, miguu ikaenda kila mmoja na njia yake. Mama yake akamwita fundi wa cherehani.

"Mashine haina kosa, mama."

"Basi mwenye kosa ni wewe uliyeitazama."

Marehemu akacheka. "Mama, muache. Ni huyu mgeni wangu jichoni, hajazoea nyumba."

"Si ulifumbe, ushone kwa lile lako?"

"Mgeni nimfungie mlango?"

Nyuzi za upasuaji zilipotolewa na jicho likatulia, daktari alilisawazisha kwa leza. Hakuahidi makubwa, na miwani ilibaki. Lakini siku alipofunguliwa bandeji, marehemu alipitisha kidole kwenye fremu ya mlango, juu mpaka chini, akasema, "Imenyooka." Akalia.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Wodini akasema, "Mama, nikiondoka, macho yangu wapewe wenye shida."

Nilikataa. Nilimzaa mzima, nimzike mzima.

"Aliyenipa mimi naye alikuwa na mama," akasema.

Nikamvutia shuka mpaka mabegani.

Alifariki tarehe 2 Juni, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Daktari alisema lile lililopigwa leza halifai kupewa mtu tena, ila la kushoto ni zima. Nikamwambia achukue, afanye haraka kabla sijageuka.

Ameacha mume, binti, mdogo wake wa kiume, na mama aliyepaswa kutangulia yeye. Jicho la kuazima ameondoka nalo. Lake limebaki huku.

Pumzika salama, mwanangu. Nawe uliyepewa jicho lake, sikujui, lakini ukipita mlangoni kwangu simama kidogo, linitazame.