Bi Fagio, Aliyeifunda Miche

Niseme jambo moja kwanza: katika kituo hiki cha kuotesha miche hajapata kutokea mtu mwenye bahati kama mimi. Nimefanya kazi hotelini, nimefanya kazi melini, shule niliishia darasa la saba, na bado picha yangu imetundikwa ofisini kwa meneja na cheti chini yake, kwa sababu mwaka ule wa viwavi miche ya banda langu ilijisimamia yenyewe. Bahati tupu! Basi mtu huyo ndiye aliyepewa kazi ya kumwandikia maneno ya kumuaga jirani yake wa banda la kwanza, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya kututumikia miaka thelathini na mmoja.

Tumemzoea kwa jina la Bi Fagio, na jina hilo alilipata kihalali. Alipoajiriwa kuotesha miche ya nyanya na kabichi, ofisi ilimpa kopo la kumwagilia, glavu, na koti la bluu lililomfika magotini. Fagio laini alikuja nalo mwenyewe. Kila asubuhi, kabla hata hajaweka mkoba chini, alipita kati ya meza akiipapasa miche kwa ncha za fagio, trei moja baada ya nyingine, kwenda na kurudi mara kumi. Sisi tulidhani anapangusa vumbi. Fundi bomba akamuuliza kama na yeye anaweza kufagiliwa mgongo. "Wewe umeshakomaa vibaya, baba," akajibiwa, "nitavunja fagio bure."

Kumbe alikuwa anaifunda. Mche unaotikiswa kidogo kila siku, alisema, haurefuki ovyo, unanenepa shina na kuizoea dunia. Maji nayo aliyachelewesha makusudi, mpaka majani yaanze kulegea kidogo tu, ndipo akamwagilia. Na kuna jambo lililotuudhi wengi: katikati ya kila meza aliweka mche mmoja ulioliwa na viwavi, majani matundu matundu, ndani ya kikapu cha wavu ili mdudu asitoke. Meneja wa zamani alitaka kumwandikia barua ya onyo. "Unafuga wadudu ndani ya kitalu?" Bi Fagio hakubabaika. "Huyo ndiye mpiga mbiu, mzee. Waache wenzake wamsikie."

Miaka ikapita, ndipo daktari wa mimea akaja na vipimo vyake kutueleza. Mche unaotafunwa hutoa harufu. Sisi hatuisikii, majirani zake wanaipata. Wakishaipata hawaanzi vita papo hapo, maana vita inakula nguvu na mmea ungedumaa. Wanaendelea kula na kukua, ila wamejiweka tayari. Siku kiwavi akitua kweli, majani yanageuka machungu upesi, kabla mdudu hajashiba. Mche ambao haukuandaliwa nao hupigana, lakini unaamka ukiwa umeshaliwa nusu. Daktari alitumia dakika arobaini na michoro ya ukutani. Bi Fagio alikaa nyuma akimenya chungwa. "Sasa daktari," akasema mwishowe, "si ndiyo hayo ninayowaambia hawa kila siku?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka. Roho iliniuma, nisiwafiche. Mtu nimetia mguu bandari saba za dunia, halafu msomi mzima anamwomba mama wa fagio amwonyeshe mkono unavyokwenda! Banda lake na langu yalitenganishwa na ukuta wa nailoni tu. Mgeni akija, anaingia kwake, anapiga picha, anaandika. Kwangu anapita akiulizia choo.

Basi alipokwenda kumuuguza mama yake wiki mbili, akaniachia banda lake nilitazame. Nikaona leo ndiyo leo. Vile vikapu nikavitoa, fagio nikalifungia stoo, miche yake nikainywesha asubuhi na jioni na kuitia mbolea kwa mkono mpana. Ikarefuka kana kwamba inagombea dari. Nikamwita meneja aje aone kazi ya fundi. Siku ya kwanza kuitoa nje kwenye upepo, ililala yote kifudifudi, trei sitini. Bi Fagio aliporudi aliitazama miche, akanitazama mimi. "Umewadekeza, mdogo wangu." Hakunishtaki kwa mtu. Alichukua udongo mpya, akaanza upya, na mimi nikazidi kumnunia kwa kutonishtaki.

Mwaka uliofuata viwavi wakavamia. Nilikuwa likizo mwezi mzima, kwenye harusi ya dada yangu. Niliporudi mabanda matano yamebaki mashina matupu, lakini mawili yamesimama, kijani kibichi: la Bi Fagio na langu. Kwake hakuna aliyeshangaa. Kwangu walishangaa, ndiyo maana cheti kikaja kwangu. Nikapigwa picha nimenyanyua trei kama kombe. Bi Fagio alipiga makofi kuliko watu wote, kwa furaha ya kweli, na hilo nalo likaniudhi.

Wako leo kumi na saba waliojifunzia kazi mikononi mwake, na wanne kati yao wanasimamia vitalu vyao wenyewe. Amefanya kazi chini ya mameneja sita, na wote aliwakatalia dawa ya kupuliza mpaka kwanza aone mdudu kwa macho. Anaimba vibaya sana, nalo liandikwe, wajukuu zake wasije wakasema hatukuwaonya.

Sasa wakubwa wameamua njia hii ya kuiandaa miche itolewe kitabu cha mwongozo, kigawiwe kwenye vitalu vyote. Jalada linataka jina la aliyeianzisha. Meneja wetu, ambaye ni mgeni hapa, akatazama ukutani, akaona picha, akaona cheti, akaandika jina langu. Kitabu kinakwenda kwa mchapaji Jumatatu. Bi Fagio aliombwa apitie tu sura ya fagio. Ameirudisha na kikaratasi: "Liwe kavu. Likiwa na maji linaeneza ugonjwa. Msisahau."

Dada, kwa niaba ya mabanda yote saba, asante. Asante kwa miche, kwa watu uliowakuza, na kwa matusi yako matamu. Nenda ukalale mpaka jua likukute kitandani, miguu ipumzike, afya ikushike vizuri, na wajukuu wakuchoshe kwa michezo tu. Tunakuombea siku nyingi na njema.

Na wewe meneja, badilisha lile jina kabla ya Jumatatu. Nilipokuwa harusini, Bi Fagio akimaliza banda lake alihamia kwangu kila asubuhi, na fagio lake na vikapu vyake, akaifunda miche yangu mmoja mmoja. Mlinzi wa getini alimwona. Aliniambia siku ileile niliyorudi: "Dada yako huyo kakulelea watoto, kamshukuru." Nikamwomba afunge mdomo, na mwenyewe nikaufunga wangu, kwa wivu, huu mwaka wa tisa. Ile bahati niliyojisifia haikuwapo. Nilidanganya.