Maisha ya Theopista Filemon Massawe, Mwimbaji wa Muziki wa Hausi

Baba Paroko, ndugu na majirani, Tumsifu Yesu Kristo.

Dada yetu Theopista alizaliwa tarehe 14 Mei 1968, hapa hapa Kibosho, mtoto wa tatu wa Mama Kornelia na Mzee Filemon, mwalimu wa kwaya ya parokia, ambaye ukali wake mnaujua. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1976 hadi 1982, akajifunza ushonaji, na miaka yote hiyo aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya baba yake, naye Mzee, kwa kuwa si mtu wa kusifia, alikuwa akimsifia zizini kwa ng'ombe, watu wasisikie.

Mwaka 1988 alihamia mjini, mtaa wa Njoro, akashona sare za shule, Jumapili akipanda huku kuimba kwaya, na Jumamosi mchana aliimba kwenye disko moja mjini, ambako dijei Denis, kijana wa hapa hapa Kibosho, alimwekea ule upande wa sahani za santuri za hausi, muziki wa disko wa Kimarekani, wenye ngoma na kinanda peke yake, naye akatia maneno yake ya Kiswahili, taratibu, kama anayebembeleza mtoto, mpaka watu wakaacha kucheza wakawa wanasikiliza. Habari zikapanda mlima, njiani zikaongezwa chumvi, na Jumapili tarehe 11 Februari 1990 Mzee akamtoa kwenye kwaya mbele ya waumini wote, bila kumwuliza, wala bila kuwahi kusikia wimbo wake hata mmoja. Hasira hasara, jamani, walikaa miaka kumi na tatu bila kusemezana.

Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Denis, wakajaliwa watoto wawili, Brenda na Martin, na mwaka 1997 akatoa kanda yake ya pekee, iliyopigwa hadi Dar es Salaam.

Mwaka 2003 alipatikana na saratani ya koo, akapoteza sauti kabisa. Tarehe 6 Septemba Mzee alishuka Njoro na jani la isale mkononi, na sote tunajua kwamba mdogo ndiye humpelekea mkubwa isale kuomba msamaha, hatujawahi kuona mzee akimpelekea mwanawe. Theopista alilipokea kwa mikono miwili, wakalia wote. Kisha Mzee akaomba kanda, akasikiliza pande zote mbili, akasema wimbo wa tatu umeanzwa juu mno, na dada yetu akacheka bila sauti mpaka akashika mbavu.

Alifariki Ijumaa tarehe 19 Machi 2004, saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Njoro waliompikia mtori aliposhindwa kumeza kingine, mafundi cherehani wenzake, na wenzake wa disko mliosimama kule nyuma kwenye migomba, sogeeni, hapa ni kwenu.

Mwisho, Mzee Filemon ameagiza hili lisomwe mbele ya wote, kwa kuwa hata lile la 1990 alilisema mbele ya wote, kwamba alimtoa mwanawe kwenye kwaya kabla hajamsikia, kwamba sasa amemsikia, na kwamba aliyekosa ni yeye.

Theopista, baba ameshasema, pumzika kwa amani.